Bosi wa zamani ananiharibia jina

Shangazi, nilikuwa keshia dukani kwa miaka minne, nikaacha kazi kwa notisi ya mwezi mmoja. Sasa kila nikifaulu mahojiano, mwajiri mpya humpigia simu bosi wangu wa zamani, kisha kimya. Juzi afisa mmoja alinidokezea kuwa bosi alisema nilikuwa nachelewa, tena mwizi. Kuchelewa ni kweli, mwanangu aliugua muda mrefu. Kuiba, haki ya Mungu sijaiba. Sheria inamruhusu?
F., Kisauni

Mwanangu, pole sana. Hayo ni mambo mawili, tuyatenganishe.

Kuchelewa ni kweli, na kisheria kusema kweli si kuharibu jina. Wala halazimiki kukusifu. Wizi ni jambo lingine. Kumwita mtu mwizi kwa uongo ni kumharibia jina, na unaweza kumshtaki. Ila fahamu kwamba mwajiri anayemjibu kwa nia njema mtu mwenye sababu ya kuuliza hulindwa, hata akikosea. Kinga hiyo huondoka ukithibitisha kuwa alijua anadanganya au alisukumwa na chuki. Kwa hiyo mwombe yule afisa akuandikie alichoambiwa, hata kwa ujumbe mfupi. Bila shahidi, kesi ni ngumu. Usikawie pia: kesi ya kuharibiwa jina hufunguliwa ndani ya miezi 12.

Kisha mwandikie bosi barua ukidai cheti cha utumishi. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka akupe, kikionyesha kazi uliyofanya, ulipoanza na ulipomaliza. Akikataa makusudi, au akiandika humo uongo anaoujua, anaweza kutozwa faini hadi Sh100,000, kufungwa hadi miezi 6, au yote mawili. Katika barua hiyo hiyo mtake aache kukuita mwizi, au aonyeshe ushahidi. Andika kwa upole, weka nakala. Akipuuza, nenda kwa wakili, au Kituo Cha Sheria, ambacho huwasaidia wasio na uwezo.

Kwenye wasifukazi, badilisha warejelewa: weka msimamizi wa zamu aliyekuona ukifunga hesabu kila jioni. Na kwenye mahojiano, lieleze suala la kuchelewa mwenyewe, pamoja na sababu yake, kabla hawajapiga simu. Kosa lako umelikiri. La kusingiziwa usilibebe. Iandike barua hiyo wiki hii.