Habari za Mji wa Bukoba

Watoto wa Maruku, hakuna mji muujuao kuliko Bukoba. Huko huenda wazazi wenu wakiwa na shauri la soko, la hospitali au la safari ya meli. Lakini mtu aweza kupita mahali kila juma wala asijue habari zake. Leo tutasoma jinsi mji huo ulivyopata kuwako, na kwa nini mambo yake mengi makubwa, ya heri na ya shari, yalitoka upande wa maji.

Tazameni kwanza umbo la nchi. Vilima vyetu vya Buhaya vimejipanga sambamba na ziwa, na kuta zao za mawe hutelemka ghafula. Chini ya kuta hizo pana bonde lililo wazi upande wa mashariki. Humo mto Kanoni hupita kati ya mji hata kuingia katika Ziwa la Viktoria, na mbele, ziwani, kimesimama kisiwa cha Musira. Mvua ya huko ni nyingi, yapata milimita 2,000 kwa mwaka, na masika yakizidi Kanoni huvunja kingo zake na kuingia katika nyumba za watu wa bondeni.

Vitabu vingi husema kwamba Bukoba ulianza mwaka wa 1890. Neno hilo ni kweli kwa habari ya boma la Wadachi, lakini si kweli kwa habari ya watu wa nchi na kazi zao. Ushahidi uko hapa hapa kwetu, katika kijiji cha Katuruka. Wazee walisimulia tangu zamani kwamba hapo ndipo yalipokuwa makao ya Mukama Rugomora Mahe wa Kyamutwara, na ya kuwa aliwaita wahunzi wajenge mnara wa chuma ufike mbinguni, nao ukaanguka. Mti mkubwa uliosimama hapo waliuita Kaiija, maana yake mahali pa kufulia chuma. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Peter Schmidt, alifika mwaka wa 1969, akawasikiliza wazee hao, kisha akachimba walipomwonyesha. Chini ya udongo yakaonekana mabaki ya tanuri na ya uhunzi, na makaa yake yalipopimwa, yalionyesha kwamba watu walikuwa wakiyeyusha chuma hapo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mnara wa kufika mbinguni ni hadithi, lakini moto wa wahunzi ulikuwa moto wa kweli. Basi atakayewaambia kwamba nchi hii haikuwa na kazi ya maarifa kabla ya bendera za kigeni, mpelekeni Katuruka.

Sasa tuje kwa mtu aliyejenga boma. Watu walimwita Emin Pasha, lakini jina lake la kwanza ni Eduard Schnitzer. Alizaliwa Silesia mwaka wa 1840, akasomea uganga, akawatumikia Waturuki, kisha akawa gavana wa Ekwatoria, jimbo la mbali kusini ya Sudani, chini ya serikali ya Misri. Stanley alipomtoa huko, wakafika Bagamoyo mwezi wa Desemba 1889. Na usiku ule ule wa karamu akaanguka kutoka dirishani, akaumia vibaya kichwani. Mtu mwingine angalirudi kwao. Yeye alipopona aliingia katika kazi ya Wadachi, akarudi bara.

Mwezi wa Julai 1890 Waingereza na Wadachi walikuwa wamekwisha kugawana nchi kwa mstari wa daraja moja kusini ya ikweta, wala hapana Mukama aliyeulizwa. Wadachi walitaka kituo karibu na mpaka huo, penye ghuba ya kuegesha vyombo. Mwishoni mwa mwaka ule Emin akaanzisha boma Bukoba. Hakukaa sana, mwaka wa 1891 aliendelea na safari yake, na mwezi wa Oktoba 1892 akauawa katika nchi ya Kongo. Boma akamwachia Langheld, aliyekuwa afisa wake. Wadachi wakawaacha Abakama watawale chini ya amri ya boma, na Kahigi wa Kianja, aliyekaa Kanazi, alipata nguvu nyingi kwa urafiki wao.

Dini nazo zilifika siku zile. Mapadre Weupe, waliokimbia vita vya Buganda, walianza misheni ya Kashozi, kaskazini ya mji, mwaka wa 1892. Na kabla wamisionari wa Betheli hawajafika mwaka wa 1910, palikuwa na Wahaya walioipata Injili Buganda, nao walikwisha kusali na kufundishana wenyewe kwa wenyewe.

Kahawa haikuletwa na Wazungu. Wazee wetu walizichemsha buni na kuzitafuna, wakampa mgeni kwa heshima, na kupanda mibuni kulikuwa chini ya amri ya Abakama. Jambo jipya lilikuwa biashara. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka wa 1901, magunia yaliweza kutoka Bukoba kwa meli, kisha yakaenda kwa treni hata Mombasa. Fedha hiyo ndiyo iliyoezeka nyumba nyingi kwa mabati. Ilileta na ugomvi pia: mwaka wa 1937 watu walizikataa kanuni za serikali juu ya mibuni, pakatokea ghasia.

Lakini njia iletayo biashara huleta na vita. Mwezi wa Juni 1915 jeshi la Waingereza lilitoka Kisumu kwa meli za ziwa, likashuka usiku kaskazini ya mji, chini ya genge la mawe, likapanda juu. Wakapigana kati ya majabali na migomba, na tarehe 23 wakaingia mjini. Wakaliharibu boma na kuuangusha mlingoti wa simu ya upepo, yaani simu isiyo na waya. Kisha askari wakaruhusiwa kupora mali, nao hawakuchagua ipi ya Mdachi na ipi ya mwenyeji. Baadaye wakapanda meli zao wakaenda zao. Wadachi wakarudi, wakakaa hata mwaka uliofuata, walipoondoka kabisa.

Mkienda mjini, tazameni karibu na ziwa jengo la zamani liitwalo Duka Kubwa, lililokuwa duka la kwanza la mji. Kisha ingieni katika Kanisa Kuu la Katoliki. Humo amezikwa Laurean Rugambwa, aliyezaliwa mwaka wa 1912, ambaye mwaka wa 1960 alifanywa Kardinali, Mwafrika wa kwanza wa nyakati hizi kupewa cheo hicho. Alikufa mwaka wa 1997 akazikwa kwanza Kashozi, maana kanisa lilikuwa katika matengenezo. Mwaka wa 2012 mwili wake ukaletwa mjini.

Msiba mmoja haukutoka majini. Alasiri ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, nchi ilitetemeka kwa kipimo cha 5.9. Watu zaidi ya kumi walikufa, nyumba nyingi zikaanguka, na shule za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata wanafunzi wakahamishwa.

Misiba ya ziwa ni mizito zaidi. Jioni ya tarehe 20 Mei 1996 meli iliyochukua jina la mji, MV Bukoba, iling'oa nanga, ikapakia tena Kemondo, na asubuhi ikapinduka karibu na Mwanza. Ilikuwa na watu kupita kipimo chake, mamia wakafa. Na tarehe 6 Novemba 2022 ndege yenye watu 43 ilianguka majini kabla ya kuufikia uwanja, ulio kando ya ziwa. Watu 19 wakafa, 24 wakaokolewa, na waliowahi kuifikia ndege hiyo kwanza walikuwa wavuvi wa pale, kwa mitumbwi yao.