Mabwawa ya majitaka yapimwe kwa lipi?

Swali: Mabwawa ya majitaka ya Dandora, Nairobi, hayahitaji umeme mwingi. Je, si ndiyo njia endelevu zaidi?

Jibu: Umeme peke yake ni kipimo kinachopotosha. Katika bwawa lenye kina, pasipo na oksijeni, bakteria huozesha uchafu na kutoa methani, gesi inayoongeza joto duniani takriban mara 28 zaidi ya kaboni dioksidi ya uzito uleule kwa kipindi cha miaka 100. Utasema mitambo ya kusafisha majitaka, ambayo ndiyo mbadala wa mabwawa, hula umeme. Kweli, lakini umeme mwingi wa Kenya hutokana na jotoardhi, maji na upepo, kwa hiyo hauchafui hewa sana. Hata hivyo nisingeyafukia mabwawa: jua na muda huua vimelea, na hilo hulinda afya ya wanaokula mboga zilizomwagiliwa maji ya mto. Ningefunika yale ya mwanzo, yenye kina, na kuvuna gesi, kisha ningepima nitrojeni na fosforasi zinazoingia Mto Nairobi.