Kabla ya Kumtetea Mgombea Wako, Sema Utafanya Nini Akishindwa

Jumapili jioni, tarehe 11 Novemba 2018, chai ya mezani kwetu Mbugangari, hapa Gisenyi, Rwanda, ilikuwa ya bure. Mama mmoja wa Goma anayeuza vitenge alilipia meza nzima, kwa kuwa habari zilikuwa zimefika kutoka Geneva: viongozi saba wa upinzani wa Kongo wametia saini, na mgombea wao mmoja wa urais ni Martin Fayulu. Mwenzake, mama wa mchele ambaye walikuwa wakichangia nauli ya mizigo miaka yote, aliinywa ile chai kimya. Yeye alikuwa mtu wa Félix Tshisekedi. Jumatatu, hata siku moja haijaisha, Tshisekedi na Vital Kamerhe walikuwa wameshaondoa saini zao. Jumanne wale mama wawili walivuka mpaka wa Petite Barrière kila mmoja na mchukuzi wake.

Hawakugombana kwa sababu ya siasa, maana siasa walikuwa wakibishana kila siku na kucheka. Waligombana kwa sababu walibishana vibaya: mwezi mzima kila mmoja alimsifu wake, na hakuna aliyewahi kumwuliza mwenzake swali moja ambalo mama wa vitenge mwenyewe alikuja kuliuliza miezi kadhaa baadaye, kwa Kiswahili chao cha Goma: "Na kama hapite, utafanya je?"

Tangu hapo meza yetu ina utaratibu. Naueleza hapa kwa yeyote mwenye kijiwe, chama, au ukoo wenye watu wa pande mbili.

Kwanza niondoe swali ambalo najua linakuja. Mtasema, Gisenyi kuna mchujo gani wa kubishania? Julai 2024 Paul Kagame alipata asilimia 99.18, Frank Habineza wa chama cha Green 0.50, na Philippe Mpayimana, mgombea binafsi, 0.32. Ni kweli, ukisubiri siku ya kura huku kwetu umeshachelewa kubishana. Jambo la kubishania hutokea mapema, na hutokea ndani ya vyama. Mwaka 2010 PSD ilimsimamisha Jean Damascène Ntawukuriryayo na PL ikamsimamisha Prosper Higiro. Mwaka 2017 na 2024 vyama hivyohivyo viliamua kumuunga mkono mgombea wa RPF, Kagame. Kusimamisha wetu au kuungana na wa jirani ni hoja nzito, na mwanachama anayeamka baada ya mkutano mkuu kuamua hana la kusema tena. Halafu huu ni mji wa mpakani. Mezani kwetu hukaa Mkongo, dereva wa lori Mtanzania, na kijana aliyesoma Nairobi. Mchujo wa Dodoma au Nairobi una wenyewe hapahapa.

Sasa utaratibu wenyewe. Jueni kwanza nani anaamua. Watu wengi hubishana utadhani kura ni yao, kumbe ni ya wajumbe. Dereva wetu bado ana kinyongo cha mwaka 2015. Yeye alikuwa upande wa Edward Lowassa, na mikutano ya Lowassa ilikuwa imefurika kweli. Lakini CCM haichagui kwa kufurika. Waliochukua fomu walikuwa zaidi ya 40; Kamati Kuu ikabakiza watano, Halmashauri Kuu ikabakiza watatu, ndipo Mkutano Mkuu ukampa John Magufuli kura 2,104 dhidi ya 253 za Amina Salum Ali na 59 za Asha-Rose Migiro. Lowassa alikatwa kwenye chujio la kwanza, kabla mjumbe yeyote wa Mkutano Mkuu hajashika kalamu. Kwa hiyo mtu akikuambia "wangu anapendwa", mwulize anapendwa na nani: na kina sisi wa chai, au na wale walio kwenye chujio?

Chujio jingine ni la sheria. Hapa Rwanda anayetaka kuwa mgombea binafsi wa urais lazima akusanye saini 600, na katika kila wilaya zisipungue 12. Zote 30. Mwaka 2024 waliopeleka maombi ya urais, wa vyama na binafsi kwa pamoja, walikuwa tisa, wakapita watatu. Ukiwa na mtu wako wa namna hiyo, ubishi wako una thamani wiki za kukusanya saini, ukiwa na kitambulisho mkononi. Baada ya hapo ni porojo. Kijana wetu wa Nairobi naye kila siku yuko na upinzani wa Kenya na mgombea wao mmoja wa 2027: mara Kalonzo Musyoka, mara Fred Matiang'i, mara Rigathi Gachagua. Kwa Gachagua tulimsimamisha. Mtu aliyeondolewa na Seneti kwenye unaibu rais Oktoba 2024, swali la kwanza si anapendwa eneo gani. Ni kama katiba inamruhusu kugombea. Mkishalijibu hilo ndipo mhesabu kura za Mlima Kenya.

Pili, toeni "mtu wetu" mezani. Huku kwetu hili si adabu tu. Katiba ya Rwanda hairuhusu chama kujengwa juu ya kabila, eneo au dini. Ndiyo maana chama cha PDI, kilichoanza kikiitwa cha Kidemokrasia cha Kiislamu, kilibadili jina mwaka 2003 na kubaki na herufi zilezile tatu. Na sheria haina mzaha na maneno ya kugawa watu. Lakini hata pasipokuwa na sheria, "mtu wetu" huua mjadala: ukishasema hivyo, anayekupinga hampingi mgombea tena, anakupinga wewe na mama yako. Mezani kwetu anayelitamka neno hilo hunyamaza mpaka kikombe chake kiishe. Mzee mmoja alilitamka akiwa ameagiza birika zima, tukapumzika.

Badala yake leteni jambo linaloshikika. Sisi tuna mawili. Moja ni mpaka. Machi 2020 ulipofungwa kwa sababu ya Covid-19, makumi ya maelfu ya watu waliokuwa wakivuka kila siku kati ya hapa na Goma walibaki na mitaji mikononi. Mama wa mboga alikula mtaji wake kwa wiki chache. Kwa hiyo mgombea yeyote, wa nchi yoyote, tunamwuliza: mpaka ukifungwa ghafla, mwenye beseni la nyanya anafanywaje? La pili ni ziwa. Kivu linapofungwa ili samaki wadogo waitwao sambaza wapate kuzaliana, mvuvi na mkaangaji wanakula nini? Asiyekuwa na jibu hatumfukuzi. Tunaandika tu kwamba hana. Na mtetezi wake haruhusiwi kumtungia jibu. Hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu sote tunawapenda wagombea wetu kwa maneno ambayo hawajawahi kuyasema.

Hapo huja zoezi ambalo wageni hulichukia. Kila mtu anamtetea mgombea wa mwenzake, na haruhusiwi kuacha mpaka mwenyewe aseme, "Ndiyo, hata mimi ningesema hivyo." Mama wa mchele alipoambiwa amtetee Fayulu, alianza kwa kejeli. Akakatwa. Akaanza tena: ni mfanyabiashara aliyewahi kufanya kazi kwenye kampuni ya mafuta, na hakuwa na deni la kisiasa kwa Joseph Kabila, rais wa wakati huo. Akakatwa tena, kwa sababu alisema kwa sauti ya kuibeza. Mara ya tatu alisema polepole, akiangalia mezani, na mama wa vitenge akatikisa kichwa kukubali. Walikuwa hawajazungumza miezi minne. Sisemi walikumbatiana, waliulizana bei ya gunia.

Jambo la tatu ni namna ya kupiga kura mezani, na hapa nitakawia kidogo, maana ndipo vijiwe vingi huharibika. Msinyooshe mikono. Na msipange foleni.

Uchaguzi wa viongozi wa mudugudu, yaani kijiji, hapa Rwanda hufanyika kwa watu kusimama nyuma ya wanayemtaka. Oktoba 2021 nilisimama kwenye uwanja wetu na mwavuli wangu. Wagombea wawili walikaa mbele, na sisi tukaanza kujipanga. Mwenye nyumba wangu alikuwa wa nne kwenye mstari wa kushoto. Hakunitazama wala hakuniita. Alikuwa akiongea na mtu kuhusu mabati. Lakini miguu yangu ilijua kodi ya Novemba haijalipwa, na ilielekea kushoto kabla kichwa hakijaamua. Sijui mpaka leo ningemchagua nani. Kwa kiongozi wa nyumba mia hivi, mnaojuana majina, utaratibu huo una faida yake: unaisha kwa saa moja, na hakuna wa kuiba karatasi. Kwa mambo makubwa una historia mbaya. Wakenya wanaukumbuka kwa jina la mlolongo: mwaka 1988 KANU ilifanya mchujo wake kwa foleni, na aliyefikisha asilimia 70 alipita moja kwa moja bila kwenda kwenye kura ya siri. Mistari mifupi ikatangazwa kuwa mirefu mchana kweupe, na baada ya watu kutawanyika mstari hauhesabiki tena. Chama chenyewe kiliuacha utaratibu huo mwaka 1990.

Sisi tunatumia maharage. Kila mgombea ana rangi: mekundu, meupe, ya madoadoa. Kila mtu anachukua moja moja ya kila rangi, anafumba mkono, na birika tupu linapita chini ya meza. Yanayobaki mkononi yanaingia mfukoni, hayarudi mezani, mtu asije akahesabu. Kura hupigwa mara mbili. Ya kwanza ni ya unayemtaka. Ya pili: kama huyo hayupo, unamtaka nani?

Msiiache hiyo ya pili hata kidogo. Kwenye mchujo wa CCM kule Dodoma mwaka 1995, kati ya Benjamin Mkapa, Jakaya Kikwete na Cleopa Msuya, aliyeongoza duru ya kwanza ni Kikwete, lakini hakufika nusu. Msuya akatoka. Duru ya pili Mkapa akapata 686, Kikwete 639. Urais wa nchi nzima uliamuliwa na watu ambao wote wawili waliobaki hawakuwa chaguo lao la kwanza. Kwenye kijiwe ni hivyohivyo: wenye kelele wanamiliki maharage ya kwanza, na kura ya pili inakuonyesha nani watu wanaweza kuishi naye. Mara nyingi ni yule ambaye hamkumtaja jioni nzima.

Kuhusu simu nitasema neno moja tu. Ujumbe wa sauti wa dakika saba si hoja. Mwenye la kusema aje mezani.

Na sasa lile la mwisho, ambalo mezani linapaswa kufanywa la kwanza, kabla jina lolote halijatajwa. Chukueni karatasi. Kila mmoja aandike mstari mmoja: wangu akikatwa, nitafanya hivi. Nitampigia aliyepita. Au nitakaa nyumbani. Au nitahama na wangu. Yote yanaruhusiwa, kinachokatazwa ni kuacha wazi. Lowassa alipokatwa Julai 2015 alihamia Chadema mwezi uleule, na dereva wetu alihama naye. Hatukumlaumu, kwa sababu hakuwahi kuahidi vingine. Kasarani, kule Kenya, tarehe 1 Septemba 2007, Musalia Mudavadi na William Ruto walishindwa na Raila Odinga kwenye mchujo wa ODM, wakabaki, na Mudavadi akawa mgombea mwenza. Geneva wale viongozi saba walitia saini mbele ya kamera, lakini wafuasi wa Limete, makao ya UDPS, chama cha Tshisekedi, kule Kinshasa, hawakuwa wameulizwa. Jumatatu walipinga kwa kelele, na saini ikafutika. Tarehe 23 Novemba, jijini Nairobi, Tshisekedi na Kamerhe wakaungana peke yao. Wala si kwamba walipoteza kwa hilo: Tshisekedi ndiye aliyetangazwa rais Januari 2019. Basi msije mkadhani ahadi hulindwa na aibu. Hulindwa na kuulizwa mapema.

Karatasi zetu zinakaa kwenye kopo la sukari la mwenye chai, naye halifungui mpaka siku yenyewe. Siku ya matokeo ya mchujo kila mtu anasoma mstari wake kwa sauti, mwenyewe. Anayetaka kuubadilisha anaruhusiwa, ila aseme sababu mbele ya watu.

Kura za maharage zihesabiwe na asiye na mgombea. Kwetu ni binti wa mkaanga sambaza, ambaye uso wake hausomeki hata kidogo. Maharage yasirudi jikoni, yamepita mikononi mwa watu wengi. Na chai ya siku ya matokeo, kila mtu ajilipie mwenyewe.