Hesabu ya Watu na Hesabu ya Nafaka: Mafunzo ya India

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili ni kweli kwa mwenye duka, na kwa taifa ni kweli zaidi. Serikali isiyojua hesabu ya watu wake haiwezi kujua shule ngapi zijengwe, wala nafaka kiasi gani iwekwe ghalani. Leo tutazame India, nchi ambayo mambo yake yanamfunza kila mtu mwenye jamaa ya kulisha.

Watu wa India walipohesabiwa mwaka wa 1951 walikuwa milioni 361. Walipohesabiwa mwaka wa 2011 walikuwa milioni 1,210, yaani zaidi ya mara tatu katika miaka 60.

Je, wanawake wa India walianza kuzaa kuliko bibi zao? Sivyo. Sababu kubwa ni kwamba vifo vilipungua. Mwaka wa 1951 mtoto aliyezaliwa huko alitazamiwa kuishi miaka kama 32 tu. Siku hizi hutazamiwa kufika miaka kama 70. Malaria ilipigwa vita, na ndui ikakomeshwa. Jambo hili ni baraka, lakini kila mtoto aliyepona alihitaji chakula chake.

Hapo ndipo ilipo hesabu yenyewe. Mavuno yakizidi sehemu 2 katika kila 100, na walaji wakizidi vivyo hivyo, kila mmoja atapata kile kile alichopata mwaka uliopita. Tangu mwaka wa 1950 hata karibu na 1980, mapato ya India yaliongezeka kila mwaka kwa sehemu kama 3 na nusu katika 100, na watu nao wakaongezeka kwa sehemu zaidi ya 2. Kilichobaki cha kumnyanyua mtu mmoja mmoja kilikuwa kidogo.

Miaka ya 1965 na 1966 mvua zilikosekana, ikawa lazima kungojea meli za ngano kutoka Marekani. Watu walikuwa hawajaisahau njaa ya Bengal ya mwaka wa 1943, iliyoua watu wapatao milioni 2 au 3. Basi mwaka wa 1966 ziliagizwa tani 18,000 za mbegu za ngano kutoka Mexico. Ngano hii ina bua fupi, hata ikitiwa mbolea nyingi na kubeba masuke mazito haianguki. Wakulima wa Punjab, wenye mifereji na visima, waliipokea kwa bidii. Mavuno ya nchi yaliyokuwa tani milioni 12 mwaka wa 1965 yalikaribia milioni 24 mwaka wa 1971. Lakini kila dawa ina uchungu wake: maji yaliyo chini ya ardhi ya Punjab yamezidi kushuka.

Katika jambo la uzazi, India ilianzisha mpango wa serikali mwaka wa 1952, kabla ya nchi nyingine zote. Lakini kati ya 1975 na 1977 maofisa walifanya haraka. Katika mwaka mmoja watu wapatao milioni 8 walifungwa uzazi, wengi wao kwa kushurutishwa. Wananchi walikasirika, na katika uchaguzi wa mwaka wa 1977 serikali ile ikashindwa.

Jimbo la Kerala lilifuata njia nyingine. Wasichana walipelekwa shule, zahanati zikawekwa karibu na watu, na watoto wachanga wakapona. Wazazi walipoona kwamba watoto wao wanaishi, walichagua wenyewe kuzaa wachache, pasipo kulazimishwa. Katika India yote, mama aliyekuwa akizaa watoto karibu 6 miaka ile ya 1950 sasa huzaa kama 2, kwa uchunguzi wa miaka ya 2019 hata 2021.

Basi mzazi anayemtoa binti yake shuleni ili kuokoa karo na afikiri tena. Katika Kerala, binti aliyesoma ndiye aliyeleta nafuu ambayo amri ya maofisa haikuweza kuileta.