Mpira Utue Wapi?

Wachezaji wengi wa gofu wakiwa hatua chache nje ya grini huanza na swali la fimbo: nipige na weji ipi? Swali hilo limekuja mapema. La kwanza ni mpira utue wapi. Ukishapajua mahali hapo, fimbo utaipata bila kuhangaika, na mwili nao utatulia kwa kuwa umepewa kazi moja tu.

Simama nyuma ya mpira, soma mteremko, kisha teua doa lililo sawa ndani ya grini, hatua moja hivi kutoka ukingoni. Hapo nyasi zimenyolewa na mdundo unatabirika. Katika duru ya mwisho ya Masters ya 2005, kwenye shimo la 16 pale Augusta, Tiger Woods hakuulenga mpira wake shimoni. Aliutua juu ya mteremko, mbali na bendera, ukageuka, ukashuka taratibu, ukasita mdomoni mwa shimo, ukaingia. Watu wanakumbuka kule kusita. Mimi naona somo liko kwenye lile doa la nyasi alilolenga.

Tuje kwenye fimbo. Kwenye grini tambarare, mpira uliopigwa kwa weji ya nyuzi 56 husafiri karibu nusu ya njia hewani na nusu ukibingirika. Kwa weji ya nyuzi 46 hivi, ile inayouzwa pamoja na seti, ni theluthi moja hewani na theluthi mbili chini. Kwa chuma namba 9 ni robo kwa robo tatu. Hivi ni vipimo vya kuanzia tu. Grini ikiwa inapanda, au imelowa mvua, chukua fimbo ambayo uso wake umesimama zaidi. Ikiwa inashuka, chukua iliyolala. Na kama njia ni nyeupe hadi kwenye bendera, sioni sababu ya kuchomoa weji ya nyuzi 60. Inapendeza kwenye televisheni, lakini imeharibu kadi nyingi za Jumamosi.

Kwa anayepiga mkono wa kulia, miguu iwe karibu karibu, uzito uegemee kidogo mguu wa kushoto na mpira uwe katikati. Hapa nagombana na fundisho linalorudiwa kila uwanja: mpira nyuma, mikono mbele. Tazama chini ya weji yako. Mara nyingi utakuta namba mbili, tuseme 56 na 12. Ya kwanza ni mlalo wa uso. Ya pili ni pembe ya soli, yaani jinsi tumbo la fimbo lilivyoshuka chini kuliko ukingo wa mbele. Gene Sarazen, aliyeshinda Open ya Uingereza mwaka 1932 akiwa na weji yake ya mchanga, alikuwa ameinenepesha soli kusudi fimbo iteleze badala ya kuzama. Ukiisukuma mikono mbele kupita kiasi, unalifuta tumbo hilo, na ukingo unachimba kama jembe. Mikono itangulie mpira kidogo tu, basi.

Mabega ndiyo yaendeshe fimbo. Usijaribu kuuinua mpira kwa viganja. Uso wa weji umelazwa kwa kazi hiyohiyo. Rudisha fimbo kwa kiasi, kisha kifua kiendelee kugeuka mpaka kitazame ulikolenga. Mpira unaopigwa kichwani ukavuka grini hadi upande wa pili mara nyingi una chanzo kimoja: hofu imesimamisha kifua, viganja vikakimbia peke yao.

Kwenye viwanja vya nyanda za juu za Kenya, Muthaiga ukiwa mmojawapo, kuna mtihani wa ziada: nyasi za kikuyu. Ni nene na zinanata. Nyasi hizohizo za kwetu zilivuka bahari, na huwasumbua magwiji kwenye uwanja wa Riviera, Los Angeles. Chipu ya chini inayodunda kabla ya grini huko hunaswa na kufa. Kwa hiyo doa lako lazima liwe ndani ya grini, hata ikibidi kuchukua weji iliyolala zaidi. Shika mpini imara kidogo kuliko kawaida, maana nyasi zitajaribu kuugeuza uso wa fimbo.

Mazoezi yaanze bila mpira. Fagia nyasi kwa soli na usikilize: mfuto mwepesi ni sawa, kishindo cha udongo kinasema unachimba. Kisha tandaza taulo pale unapotaka mpira utue, upige kuelekea taulo na kulisahau shimo kabisa. Mwisho baki na mpira mmoja. Chipu, kisha maliza kwa pata, mahali tofauti kila mara. Ndoo nzima ya mipira kutoka sehemu ileile humpa mtu raha, lakini uwanjani mpira haurudiwi.

Bendera iache shimoni. Ukipiga kutoka nje ya grini, mpira ukiigonga hakuna adhabu. Na ukikuta mpira umelala kwenye nyasi zilizonyolewa, hatua moja tu kutoka ukingoni, rudisha weji kwenye mfuko, uchukue pata.