Umehamia Vepu? Bado Hujaacha: Kwa Mama Mjamzito wa Tunduma na Songwe Yote

Tunduma ni mji wa mpakani. Kinachouzwa Nakonde asubuhi, jioni kiko mikononi mwa wamachinga wetu, kwa forodha au kwa njia za panya. Sigara za kielektroniki, zile ziitwazo vepu, nazo zimo. Wauguzi wanatueleza kwamba baadhi ya wavutaji wakishika mimba huhamia huko, wakiamini wameacha. Hawajaacha. Tumelisema hili redioni na mikutanoni, na hatuoni haya kulirudia.

Nikotini hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto, ikaathiri ubongo na mapafu yanayojengwa. Ni kweli vepu haichomi tumbaku, kwa hiyo mama haivuti ile monoksidi ya kaboni ya moshi wa sigara inayompunguzia mtoto oksijeni. Sigara huongeza hatari ya mimba kuharibika, kujifungua njiti, mtoto kuzaliwa na uzito chini ya kilo 2.5, au kuzaliwa mfu. Ndiyo sababu Uingereza wanakiri kwamba vepu ina madhara machache kuliko sigara. Machache, si hakuna. Aliyekwisha kuhamia asirudi kwenye sigara. Aje kliniki asaidiwe kuacha vyote viwili.

Soma boksi. Ukiona 5%, usidanganywe na udogo wa namba: ni takriban miligramu 50 za nikotini katika kila mililita, wakati sheria za Umoja wa Ulaya zinakomea 20. Zilizoandikwa 0% nazo si za kuaminiwa. Australia walipima vimiminika vilivyouzwa kama visivyo na nikotini, wakaikuta humo.

USIMFICHE MKUNGA

Hili ndilo linalotusumbua kuliko yote. Sigara hujitangaza yenyewe kwa harufu. Vepu hunukia embe, na mama anapita mbele ya muuguzi bila kushukiwa. Tangu mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani linataka kila mjamzito aulizwe kuhusu tumbaku katika kila hudhurio. Ukiulizwa, usijibu "niliacha" huku kifaa kiko kwenye mkoba. Mkunga asiyejua hawezi kukushauri, wala daktari hawezi kupima kama unahitaji dawa ya kukusaidia kuacha. Usijinunulie dawa hiyo duka la dawa kwa kubahatisha. Tunarudia: usimfiche mkunga. Ugoro utaje pia, hata kama bibi alizaa kumi akiunusa.

Kina baba, hasa ninyi madereva mnaorudi nyumbani baada ya siku nyingi kwenye foleni ya malori: msivutie chumbani kwa mama, iwe sigara au vepu.

Tangu mwaka 2021 bidhaa za tumbaku zinasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), kwa sheria ya mwaka 2003 iliyotungwa vepu zikiwa hazijasikika hapa. Uganda ilizipiga marufuku kwa sheria yake ya mwaka 2015. Gharama nayo isikuzuie kuja kliniki: huduma za wajawazito katika vituo vya umma ni bila malipo kwa mujibu wa sera. Taratibu nyingine ulizia kituoni, au piga simu ya Wizara ya Afya, namba 199.

Kimiminika cha vepu ni sumu kwa mtoto mdogo. Akikilamba au kukimeza usimtapishe. Mkimbize kituo cha afya papo hapo, na chupa au boksi lake uende nalo.