Mchanga wa Mto ni Tangi Letu

Jina Kajiado latokana na Olkejuado, yaani mto mrefu kwa Kimaasai. Kiangazi mto huo waonekana umekufa, lakini mchangani mna maji. Mvua huteremsha mchanga, na maji hujificha katikati ya chembe zake, jua lisiyafikie. Malori yakiuzoa kupita kiasi kwa ajili ya ujenzi, sakafu ya mto hushuka, kingo hubomoka, visima vya kando hukauka. Pesa ya lori nayo huisha upesi, jamani!

Kitengela nako, udongo mweusi ukishalowa huvimba ukaziba. Basi maji hukimbia juu, yakifuata njia za ng'ombe na kuchimba makorongo. Tuyakinge kwa mawe mapema, korongo lingali la kurukwa na mtoto.